Askofu Colenso na Swali la Mzulu

Tumkumbuke John William Colenso, aliyewekwa kuwa Askofu wa Natal, Afrika ya Kusini, mwaka 1853. Alipokuwa akifasiri Biblia kwa Kizulu, msaidizi wake, William Ngidi, alimwuliza kama habari zote za Gharika ya Nuhu ni za kweli. Colenso, mwalimu wa hesabu, hakutaka kumdanganya. Akachunguza, akaanza kutoa vitabu mwaka 1862. Mwaka 1863 akahukumiwa huko Cape Town kuwa mzushi. Hata hivyo aliwatetea Wazulu mbele ya serikali mpaka alipofariki mwaka 1883. Hatulazimiki kukubali yote aliyoandika. Lakini vijana wetu wakituuliza kama Ngidi, tusiwakemee. Tuwajibu kwa kweli.