Hans Renold: Mtu aliyeipa cheni uhai mrefu

KWA muda wa wiki mbili, kila alfajiri nilipowasha gari langu hapa Paya, injini ilitoa mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Baada ya sekunde chache mlio ulikoma, nami nikajifariji kwamba ni baridi tu. Gari lenyewe ni la mtumba kutoka Japani. Lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita 280,000, nyingi kati ya hizo likibeba bidhaa zangu kati ya Tororo na Busia. Fundi mmoja aliusikiliza mlio huo, akatikisa kichwa na kusema kwamba taimingi cheni imechoka.

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani wanaijua hofu hiyo. Cheni hii huunganisha krenkshafti na kamshafti ili vali zifunguke na kufungwa kwa wakati unaofaa. Ikiruka meno, katika injini nyingi pistoni hugonga vali, na gari lililokuwa likilisha familia hugeuka kuwa kiota cha kuku.

Sikuwa na pesa za kulipa karakana. Niliamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe uani, nikisaidiwa na mpwa wangu. Jioni, nilipokuwa nikisubiri vipuri, nilisoma habari za mtu aliyeibuni cheni ya namna hii. Jina lake ni Hans Renold.

Renold alizaliwa Aarau, Uswisi, mwaka 1852. Alisomea uhandisi mjini Zurich, na mwaka 1873 akahamia Manchester, Uingereza, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Sisi tuliowahi kutafuta riziki ugenini na kurudi tunaielewa safari kama hiyo: una elimu na mikono miwili, lakini nchi na lugha si vyako. Kwanza aliajiriwa na kampuni iliyouza mashine nchi za nje.

Mwaka 1879 alinunua karakana ndogo ya James Slater huko Salford, jirani na Manchester. Karakana hiyo ilitengeneza cheni za mashine za viwanda vya nguo, katika eneo lile lile ambako pamba ya Uganda ilikuja kusafirishwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Cheni za wakati huo zilikuwa na ila moja. Pini zilizunguka moja kwa moja ndani ya matundu ya vibati vyembamba vya chuma. Mzigo wote ulikaa mahali padogo, pakalika upesi na cheni ikalegea. Mwaka 1880 Renold alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya cheni yenye bushi. Bushi ni kijibomba kidogo cha chuma kinachoizunguka pini, na juu yake hukaa rola inayoviringika kwenye meno ya gia. Hivyo mzigo ulitandazwa kwenye urefu wote wa bushi. Lilikuwa badiliko dogo, lakini liliiongezea cheni maisha mara nyingi.

Baisikeli ya kisasa, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, ilipoingia sokoni Uingereza mwaka 1885, ilihitaji cheni ya kupeleka nguvu za miguu kwenye gurudumu la nyuma. Cheni ya bushi na rola ndiyo iliyokuja kutawala. Hapa kwetu jambo hilo lina uzito wake. Ilikuwa Busia, katika miaka ya 1960, vijana walipoanza kupakia abiria kwenye baisikeli na kuwavusha kati ya vituo viwili vya mpaka, ndipo jina bodaboda likazaliwa. Biashara yote hiyo iliendeshwa na cheni ya aina aliyoibuni Renold.

Mwaka 1895 alitoa cheni nyingine, yenye vibati vya meno, ambayo haikupiga kelele. Magari yalipoenea, cheni kama hizo zilitumiwa kuzungusha kamshafti.

Kama mwajiri pia aliacha alama. Mwaka 1896 alianzisha wiki ya kazi ya saa 48, wakati wafanyakazi wengi wa viwanda vya uhandisi Uingereza walikuwa wakitumikia zaidi ya saa 50. Kampuni yake iliungana na ile ya Coventry Chain mwaka 1930. Alifariki mwaka 1943 akiwa na umri wa miaka 90.

Haya yote niliyaelewa vizuri siku niliyoifungua injini. Nilitundika cheni ya zamani na mpya kwenye msumari mmoja. Ya zamani ilizidi kwa karibu nusu ya upana wa kidole. Watu husema cheni imevutika, kumbe chuma hakikuvutika. Pini na bushi zililika, kila kiungo kidogo sana, hadi jumla ikaonekana kwa macho. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikichelewesha kubadilisha oili ili niokoe pesa, na uchafu ukasaga viungo vile vile ambavyo Renold alihangaika kuvilinda.

Muuza vipuri mmoja alinishauri ninunue cheni pekee. Nilikataa. Nilibadilisha pia gia, reli za plastiki zinazoiongoza cheni, na tenshena, ambayo hukaza cheni kwa nguvu ya oili. Ndiyo maana mlio ulisikika alfajiri, kabla oili haijapanda. Tuliweka pistoni ya kwanza juu kabisa, tukalinganisha alama za cheni na za gia, kisha tukazungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa swichi. Haikukwama popote. Tulifunga kava kwa gasketi mpya na kujaza oili safi.

Asubuhi iliyofuata injini iliwaka bila mlio. Nikiwa njiani kwenda Busia nilimpita mzee mmoja akiendesha baisikeli iliyopakia magunia, cheni yake imekauka na inalia. Nilisimama, nikatoa chupa ya oili iliyobaki, nikampa.