Augustino wa Hippo: Nafsi Iliyojiabudu

Miongoni mwa wanafikra waliojenga theolojia ya Kikristo, mwana wa Afrika Kaskazini ana nafasi ya pekee. Augustino alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras, nchini Algeria. Mamaye, Monika, alikuwa Mkristo thabiti.

Akiwa na umri wa miaka 16, Augustino na wenzake waliiba matunda ya jirani usiku, wakawatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa, na nyumbani kwao kulikuwa na matunda bora zaidi. Alipoandika Maungamo akiwa mtu mzima, alikichambua kisa hicho kwa kina, maana hakikuwa na kisingizio: nafsi ilijipendeza tu kwa kuvunja sheria.

Balagha ndiyo iliyompandisha hadhi. Alifundisha Karthago, akahamia Roma mwaka 383, kisha Milano mwaka 384, akitafuta sifa kwa ulimi wake. Ili apate ndoa ya kumfaa mtu wa cheo, mwanamke aliyeishi naye kwa miaka mingi na kumzalia Adeodatus alirudishwa Afrika. Maungamo hayamtaji jina.

Mwaka 386 aliongoka, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa na Askofu Ambrosi. Hatimaye akawa askofu wa Hippo, yaani Annaba ya leo.

Kwa takriban miaka tisa alikuwa amewafuata Wamani, walioamini kuwa uovu ni nguvu ya giza yenye kuwepo kwake. Fundisho hilo lilimpa mtu nafasi ya kulaumu kingine. Augustino alilikataa: dhambi ni upendo uliopotoka, nafsi inapomwacha Mungu na kujifanya kitovu cha yote. Ndiyo maana kiburi alikiona kuwa chanzo cha dhambi. Hata elimu na wema vyaweza kugeuzwa vioo vya kujitazamia. Katika Mji wa Mungu, alioandika kati ya mwaka 413 na 426, aliigawa historia nzima kwa mapendo mawili: kumpenda Mungu na kujipenda.

Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake. Siku zake za mwisho aliagiza zaburi za toba zibandikwe ukutani, akazisoma kitandani huku akilia. Askofu aliyewafundisha wengine juu ya kiburi hakujihesabu kuwa amekwisha kupona.