Masinde Muliro, jirani wa bara aliyesimama na Ngala

Ukitaja jina la Ronald Ngala hapa Pwani, hata mtoto wa shule ana la kusema. Lakini uliza ni nani aliyekuwa naibu wake katika chama cha KADU, utaona watu wanatazamana. Alikuwa Masinde Muliro, mzee wa Bungoma na Kitale, na haifai sisi tuliofaidika na ujirani wake tumsahau.

Muliro alizaliwa mwaka 1922 huko Matili, Kimilili, upande wa Bungoma. Alisomea Chuo Kikuu cha Cape Town miaka ile Makaburu walipokuwa wakiandika sheria zao za ubaguzi, akarudi nyumbani mwaka 1954 na kufundisha. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8 tu. Muliro alipata cha Nyanza ya Kaskazini, na Ngala, mwalimu mwenzake, akapata cha Pwani.

Hapo ndipo tabia yake inapoonekana. Mwaka 1959 Muliro alikuwa tayari kiongozi wa chama, Kenya National Party. Mwaka uliofuata jamii ndogo ndogo ziliona zitamezwa na wakubwa, zikaungana na kuunda KADU. Ngala akawa rais wa chama, Muliro akawa naibu, na Daniel arap Moi mwenyekiti. Mtu aliyekuwa na chama chake alikubali kukaa nafasi ya pili, nyuma ya Mgiriama kutoka Kilifi. Wanasiasa wangapi leo wanaweza kufanya hivyo?

Wote wawili walitaka majimbo, ili mtu wa Malindi na mtu wa Kimilili wawe na sauti juu ya ardhi na mambo yao. Kwa Muliro jambo hilo lilikuwa na uchungu wake. Kitale iligombaniwa na Waluhya na Wakalenjin, na jamii zote mbili zilikuwa ndani ya KADU. Mipaka ilipokatwa, Bungoma iliwekwa Magharibi na Kitale ikaenda Bonde la Ufa. Hakuhama wala hakuvunja urafiki. Aliishi Trans Nzoia na majirani wa kila kabila, na watu wa huko walimpeleka bungeni. KADU yenyewe ilivunjwa mwaka 1964, na Ngala akafariki mwaka 1972.

Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa. Bunge likaunda kamati ya uchunguzi, mwenyekiti wake akiwa Elijah Mwangale, naye pia mtu wa Bungoma. Ripoti ilipoletwa, serikali haikuitaka. Muliro alikuwa waziri, na waziri alitarajiwa kupiga kura na wakubwa wake. Alipiga kura kuiunga mkono ripoti. Akafukuzwa uwaziri, pamoja na mawaziri wadogo Peter Kibisu na John Keen waliofanya kama yeye.

Mwaka 1991, akiwa na umri wa karibu miaka 70, alikuwa mmoja wa wazee 6 walioanzisha FORD kudai vyama vingi, wakati kudai hivyo kulikuwa kutafuta jela. Pembeni yake walikuwa Jaramogi Oginga Odinga, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na mwenzetu wa Mombasa, Ahmed Salim Bamahriz. Kwa mara ya pili Muliro akawa bega kwa bega na mtu wa Pwani. Desemba mwaka huo sheria ya chama kimoja ikaondolewa.

Hakuyaona matunda yake. Tarehe 14 Agosti 1992 alifariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi akirejea kutoka London. Wengi walikuwa wakimtegemea awapatanishe wakubwa wa FORD. Chama kikagawanyika, kikaingia katika uchaguzi wa Desemba kikiwa vipande viwili, na Moi akashinda kwa kura kama 36 kwa mia. Huwezi kujua kama mzee mmoja angezuia hayo, lakini pengo lake lilionekana.

Leo Kakamega kuna chuo kikuu chenye jina lake, na Bungoma, pale Kanduyi, kuna uwanja wa michezo. Sisi hapa tuna barabara na shule za Ngala. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi tunapowasimulia watoto habari za Ngala, tuwaambie pia habari za jirani yake wa bara, aliyekuwa mkubwa kwao na akakubali kumfuata mtu wa kwetu. Tutawafundisha pia kwamba si kila mtu wa bara alikuja kututawala.