Lettow-Vorbeck: Jenerali aliyewavika askari rangi ya nyika

Na Mwandishi Wetu, Arusha

SI mbali na mto Themi, mwishoni mwa Barabara ya Boma jijini Arusha, zimesimama kuta nyeupe za ngome iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1900. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lakini kabla ya Vita Kuu ya Kwanza palikuwa ni makao ya askari wa jeshi la kikoloni.

Mwanzoni mwa mwaka 1914 jeshi hilo lilipata kamanda mpya, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye baadaye dunia ingemtaja kuwa mmoja wa mabingwa wa vita vya msituni. Vitabu vingi vimesimulia namna alivyowazungusha Waingereza kwa miaka minne. Ni vichache vilivyojiuliza ni nani aliyezisokota, kuzifuma na kuzitia rangi nguo zilizowaficha watu wake.

Suala la nguo za jeshi si geni masikioni mwa Watanzania. Agosti 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba wawe wamesalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Zaidi ya karne moja kabla ya tangazo hilo, mavazi ya kumficha askari porini yalitengenezwa papa hapa nchini, kwa pamba ya hapa na rangi ya mti wa hapa.

Lettow-Vorbeck alizaliwa Machi 20, 1870 katika mji wa Saarlouis, katika familia ya kijeshi yenye asili ya Pomerania. Alipelekwa China wakati wa kuzima uasi wa mwaka 1900, na mwaka 1904 akapelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, nchi ambayo leo inaitwa Namibia.

Huko alitumikia chini ya Jenerali Lothar von Trotha, ambaye mwaka 1904 alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Maelfu kwa maelfu ya Waherero na Wanama waliuawa kwa risasi, kwa kiu jangwani na kwa mateso ya makambi. Mwaka 2021 Serikali ya Ujerumani ilikiri kuwa yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Lettow-Vorbeck alijeruhiwa jicho la kushoto katika vita hivyo, na huko ndiko alikojifunza namna watu wanaoijua nchi yao wanavyoweza kulisumbua jeshi kubwa wakiwa wamejificha vichakani.

Vita vilipozuka Agosti 1914, alikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wazungu wasiozidi mia chache. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingizwe vitani. Kamanda wake aliona vingine. Aliamini kuwa kila askari wa Uingereza atakayemfuata porini Afrika ni askari mmoja pungufu katika medani za Ulaya.

Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Usiku wa kuamkia mapambano makubwa, Lettow-Vorbeck aliingia mjini kwa baiskeli, akazikagua kwa macho yake meli za adui zilizokuwa zimewasha taa bandarini. Siku iliyofuata watu wake wapatao 1,000, waliojipanga kwa siri ndani ya mji na mashambani, waliwarudisha wavamizi baharini.

Ushindi huo ulimtatulia tatizo moja kubwa la maficho. Vikosi vyake vingi vilikuwa na bunduki za mwaka 1871 zilizotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilipotoka, moshi mzito ulipanda juu ya majani na kumwonyesha adui mahali alipo mfyatuaji. Askari angeweza kujifunika matawi mwili mzima, lakini bunduki yake ingemsaliti. Tanga aliteka mamia ya bunduki za kisasa zisizotoa moshi wa aina hiyo, bunduki 16 za rashasha na risasi zipatazo 600,000.

Tatizo la pili lilikuwa nguo. Manowari za Uingereza zilifunga pwani yote, na shehena kutoka Ulaya zikakoma. Katika vita vyote ni meli mbili tu za msaada zilizopenya, moja Aprili 1915 na nyingine Machi 1916. Miiba ya nyika huchana kitambaa upesi, na askari aliyevaa matambara au nguo nyeupe huonekana kutoka mbali.

Hapo ndipo koloni zima lilipogeuzwa karakana. Pamba ya mashambani ilisokotwa kwa mkono katika misheni, katika mashamba ya walowezi na majumbani, na wanawake wa Kizungu na wenyeji wakifanya kazi hiyo sambamba. Mafundi walichonga magurudumu ya kusokotea na mitambo ya kufumia. Nguo ikapatikana, lakini ilikuwa nyeupe, na nguo nyeupe porini ni sawa na bendera.

Yakafanyika majaribio ya rangi za kila namna. Iliyoshinda ilitokana na mti ulioitwa ndaa. Ilitoa rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na manjano, isiyojitokeza katika majani wala katika kichaka. Kamanda mwenyewe aliisifu baada ya vita katika kumbukumbu zake, akaitaja kuwa inafaa sana kwa mavazi ya kijeshi.

Rangi hiyo ilifaa kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyesafiri kutoka Arusha kwenda Longido wakati wa kiangazi. Nyika yetu si ya kijani kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ni ya majani makavu, vumbi na vivuli vya migunga. Siri ya maficho ni kuifuata rangi ya mahali, na rangi ya mahali hupatikana kwa urahisi zaidi katika mimea ya mahali.

Viatu navyo vilitengenezwa kwa ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini. Lettow-Vorbeck alijifunza ushonaji huo kidogo, na katika kumbukumbu zake alijicheka kwamba kiatu alichokusudia kiwe cha kulia kilielekea kuwa cha kushoto. Katika taasisi ya utafiti ya Amani, milima ya Usambara, zilitengenezwa dawa za kwinini. Hata manowari Königsberg, iliyojificha katika mikono ya mto Rufiji, ilifunikwa kwa matawi hadi ilipozamishwa Julai 1915.

Machi 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalivuka mpaka kwa nguvu kubwa. Moshi na Arusha zikaangukia mikononi mwa Waingereza mwezi huo huo. Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kusini, akapigana Mahiwa Oktoba 1917 katika mapambano makali kupita yote, na Novemba mwaka huo akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Kuanzia hapo karakana za nguo zilibaki nyuma. Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, aliwateka Wareno na kuwavika askari wake sare zao. Jeshi lililotengeneza nguo kwa mikono yake sasa lilivaa lilichomvua adui.

Gharama ya umahiri huo haikubebwa na jenerali. Kila askari alihitaji wapagazi wa kubeba chakula, risasi na wagonjwa, na wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini mwao. Waingereza nao walifanya hivyo hivyo, na kati ya wapagazi wao peke yao walikufa watu wapatao 95,000 au zaidi, hasa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Vijiji vilivyopitiwa na majeshi vilinyang'anywa nafaka na mifugo. Ugogoni, mvua zilipokosekana baada ya ghala kukombwa na pande zote mbili, ilikuja njaa iliyoitwa Mtunya, ikaua maelfu ya watu. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika vita hivyo tembo walivaa rangi ya nyasi, na nyasi zikaumia vile vile.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 25, 1918 katika mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, siku 14 baada ya vita kukoma Ulaya. Alikuwa na Wazungu 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi, wanawake na watoto walioandamana nao.

Machi 1919 alipokewa Berlin kama shujaa, akipita na maofisa wake chini ya lango la Brandenburg. Mwaka 1920 alishiriki jaribio la kuipindua serikali ya jamhuri lililoongozwa na Wolfgang Kapp, jaribio likashindwa naye akaondolewa jeshini. Alikuwa mbunge kuanzia 1928 hadi 1930. Mwaka 1953 alirudi Afrika Mashariki akiwa mzee, akalakiwa na baadhi ya askari wake wa zamani. Alifariki dunia Hamburg Machi 9, 1964.

Mwaka huo huo Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare zao za zamani, vilivyochakaa, kuwa ushahidi. Waliokosa vyote walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na wote wakaikumbuka miondoko yake.

Katika miaka ya karibuni, kambi na mitaa kadhaa nchini Ujerumani imeondolewa jina la Lettow-Vorbeck kwa sababu ya yaliyotendeka Namibia na hapa kwetu. Mjadala juu yake unaendelea huko.

Hapa nyumbani mjadala wetu uanzie kwingine. Wazee wa Mwanza walau walikuwa na kipande cha nguo cha kuonyesha. Mwanamke aliyeisokota pamba, kijana aliyeutafuta mti wa ndaa na mpagazi aliyebeba mzigo hadi akaanguka njiani hawakuwa na cha kuonyesha, na hakuna bunge lililowauliza. Makumbusho yetu yanaweza kuwafanyia haki kwa jambo dogo: kuonyesha, kando ya picha za majenerali, ndaa, gurudumu la kusokotea na kitambaa kilichotiwa rangi yake, ili mtoto wa Themi ajue kuwa jeshi lile lilijificha ndani ya kazi za mikono ya watu wetu.