Mwizi wa Nguruwe Aliyekupa Laptopu Yako

Hebu jione hapo Feri saa kumi na mbili jioni, umebanwa na umati, unangoja kuvuka kurudi Likoni. Mkobani una laptopu nyembamba kama daftari. Umeifanyia kazi mchana kutwa, na chaji bado ipo. Prosesa nyingi za laptopu kama hiyo zimepimiwa takriban wati 15, wakati balbu ya zamani ya sebuleni ilikula 60. Kabla lango halijafunguliwa, wacha nikupe habari za Robert Noyce.

Alizaliwa 1927 huko Iowa, Marekani, mtoto wa mchungaji. Kichwa chake kilikuwa chepesi, lakini mwaka 1948, akiwa Chuo cha Grinnell, aliharibu. Wanafunzi walitaka karamu ya nguruwe wa kuchoma. Ndiyo, nguruwe, nivumilie tu. Noyce na mwenzake wakaingia shamba la watu usiku wakaiba mmoja. Baadaye dhamiri ikawasuta, wakarudi kukiri na kutaka kulipa. Kumbe mwenye shamba ni meya wa mji! Na kule Iowa kuiba mifugo lilikuwa kosa la jinai, si mchezo.

Angefukuzwa kabisa, lakini mwalimu wake wa fizikia, Grant Gale, na mkuu wa chuo walimtetea. Akasimamishwa muhula mmoja. Akaenda New York kufanya kazi kwenye kampuni ya bima, kisha akarudi, akamaliza 1949. Gale huyo huyo ndiye aliyemwonyesha transista, swichi ndogo ya umeme iliyokuwa mpya kabisa duniani.

Kutoka hapo hakushikika. Alipata udaktari MIT mwaka 1953. Mwaka 1957 yeye na wenzake saba walimhama bosi wao, William Shockley, wakaanzisha Fairchild. Mwaka 1959 Noyce akaja na wazo la kuweka transista na nyaya zake zote juu ya kipande kimoja cha silikoni. Jack Kilby alikuwa ameshatengeneza chipu yake 1958, lakini njia ya Noyce ndiyo iliyokuwa rahisi kuzalisha kwa wingi.

Sasa suala la chaji. Mwaka 1963, Noyce akiwa ndiye mkuu pale Fairchild, mfanyakazi wake Frank Wanlass alibuni mpango wa CMOS. Fikiria kivuko chetu na milango yake miwili. Ukishushwa wa mbele, wa nyuma umeinuliwa, kwa hivyo watu hawawezi kupita moja kwa moja. Transista za CMOS hukaa mbili mbili vivyo hivyo: moja ikifunguka, nyenzake imefungwa. Umeme mwingi hutumika pale tu zinapobadilishana. Prosesa ya laptopu yako imejengwa kwa mpango huo.

Mwaka 1968 Noyce na Gordon Moore wakaanzisha Intel. Mwaka 1971 Intel ikauza prosesa ya 4004, yenye transista kama 2,300. Za leo zina mabilioni.

Noyce alifariki Juni 1990 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 62. Kilby alipopewa Nobeli mwaka 2000, mwenzake alikuwa kaburini, na Nobeli haipewi marehemu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Napenda hadithi za walioacha masomo wakatajirika, na nilipoanza kusoma ya huyu nilidhani ni mojawapo. Siyo bana. Huyu alikosea, akaadhibiwa, na alipoachiwa mlango wazi akarudi kupitia mlango huo huo. Fomu ya kuomba kurudi iko kwenye laptopu yangu tangu Januari, nimejaza jina peke yake. Leo nikifika ng'ambo naimaliza. Wewe kama una yako uliyoilaza, usiiache ilale zaidi. Haya, lango linafunguliwa, shika mkoba twende.