OLONANA WA MBATIANY: KIONGOZI WA NANI?

Barabara inayoambaa upande wa kusini wa Ziwa Naivasha humfikisha msafiri Kamere, makazi yenye pilikapilika nyingi ambamo huishi vibarua wa mashamba ya maua waliotoka pembe zote za Kenya. Ufuoni mwake wavuvi hupakua samaki. Naivasha ni jina lenye asili ya Kimaasai, nalo huashiria maji yanayosukwasukwa na upepo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi inayolizunguka ziwa hilo ilikwisha kuwatoka waliolipa jina. Kisa cha kutoka huko hakiwezi kuelezwa bila kutajwa mtu mmoja: Olonana, mwana wa Mbatiany, ambaye wakoloni walizoea kumwita Lenana.

Olonana alizaliwa katika ukoo wa maloiboni, yaani waganga na watabiri wakuu wa Wamaasai. Babake, Mbatiany, alikuwa oloiboni mashuhuri kupita wote wa zama zake. Alipofariki mnamo 1890 hivi, ulizuka mgogoro wa urithi baina ya Olonana na ndugu yake Senteu. Masimulizi ya jadi hudai kuwa mzee alikusudia kumpa Senteu vifaa vya uganga alfajiri, lakini Olonana akapata fununu, akarauka mapema na kujitwalia baraka isiyokuwa yake. Iwapo mambo yalikuwa hivyo kweli au masimulizi hayo yalitungwa na wafuasi wa Senteu ni suala jingine. La muhimu ni kwamba tangu mwanzo uongozi wake haukukubaliwa na wote. Wamaasai waligawanyika, na ndugu hao wakapigana kwa miaka mingi hadi walipopatana mwaka 1902.

Ikumbukwe kwamba mgogoro huo ulitokea wakati wa maafa makuu. Homa ya mapafu ya mifugo, sotoka na ndui vilifuatana katika kipindi kifupi. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, na watu wakafa kwa njaa na maradhi. Wamaasai wenyewe huuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi. Kiongozi aliyetawazwa katika hali hiyo hakuwa na jeshi la kutisha wala ghala la kutegemea. Alikuwa na jina la babake, adui aliyekuwa ndugu yake, na watu waliohitaji mifugo ili waishi.

Hapo ndipo Waingereza walipoingia. Olonana aliona mapema kwamba mkono asioweza kuukata ilimpasa kuubusu. Wamaasai wenye njaa walipata hifadhi karibu na ngome ya Waingereza huko Kabete, na wamorani wakashiriki misafara ya kijeshi dhidi ya jamii jirani, wakilipwa sehemu ya mifugo iliyotekwa. Mnamo Novemba 1895, wamorani waliwaua mamia ya wachukuzi Waswahili na Wakikuyu katika bonde la Kedong, kisha mfanyabiashara Mwingereza, Andrew Dick, akawashambulia na kuuawa. Uchunguzi wa serikali ulibaini kuwa msafara ndio uliowachokoza Wamaasai, na adhabu ikawa nyepesi. Urafiki wa Olonana na watawala ukazidi kuimarika.

Urafiki huo ulizaa cheo. Waingereza walimtambua Olonana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote. Tatizo ni kwamba cheo cha namna hiyo hakikuwako katika mila za Kimaasai. Oloiboni alishauriwa kuhusu vita, ukame na tohara. Alibariki na kuonya. Uamuzi wa mambo ya umma ulikuwa wa mabaraza ya marika, yaliyosemewa na wasemaji wao walioitwa olaiguenani, na kila sehemu ya Wamaasai ilikuwa na malisho na mabaraza yake. Aliyekuwa sauti ya baraka alifanywa sauti ya umiliki wa ardhi. Waliompa sauti hiyo ndio haohao waliotaka ardhi.

Reli ilipovuka Bonde la Ufa na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, Uingereza ilitafuta walowezi wa kuilipia gharama. Kamishna Charles Eliot aliyaona malisho ya Naivasha na Nakuru kuwa ardhi iliyolala bure. Kampuni moja, East Africa Syndicate, ilitengewa maili 500 za mraba, naye Lord Delamere akapewa ekari 100,000 huko Njoro. Eliot alijiuzulu mwaka 1904 katika ugomvi uliotokana na ugawaji wa ardhi hiyo, lakini mpango wenyewe haukufa.

Mnamo Agosti 1904, Kamishna mpya, Donald Stewart, aliwakutanisha viongozi wa Wamaasai mjini Naivasha. Olonana na wenzake wakatia alama zao kwenye hati ya Kiingereza, lugha wasiyoisoma, baada ya kuelezwa yaliyomo kupitia wakalimani. Wamaasai walikubali kuondoka Bonde la Ufa na kuishi katika maeneo mawili: moja Laikipia kaskazini, jingine kusini mwa reli. Waliachiwa mahali padogo kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara, na njia ya kuyaunganisha maeneo hayo mawili ikaahidiwa. Ahadi kuu ilikuwa kwamba mpango huo ungedumu muda wote Wamaasai watakapokuwako duniani.

Makao ya Olonana yalikuwa upande wa Ngong, ndani ya eneo la kusini. Walioyaacha malisho ya Naivasha na Nakuru walikuwa hasa Wamaasai wengine, Wapurko wakiwa wengi miongoni mwao. Kwa hiyo, aliyetajwa wa kwanza katika hati hakuwa wa kwanza katika hasara. Hata hivyo, haki inadai pia isemwe kwamba hakutia alama peke yake. Legalishu, msemaji wa Wapurko ambaye baadaye alisifika kwa upinzani, naye alikuwa miongoni mwa waliotia alama mwaka huo.

Ahadi ya milele haikutimiza hata miaka saba. Walowezi waliitamani Laikipia pia. Olonana alifariki Machi 1911, na maofisa wakatangaza kuwa wasia wake ulikuwa Wamaasai wa Laikipia wahamie kusini. Mwezi uliofuata hati ya pili ilitiwa alama, na mwanawe Segi, aliyekuwa kijana mdogo, akatajwa humo kama chifu mkuu. Hivyo basi, Olonana aliendelea kuwasemea Wamaasai hata akiwa kaburini. Watu wapatao 10,000, ng'ombe 175,000 na kondoo zaidi ya milioni moja walihamishwa, na uhamisho ukakamilika mwaka 1913 kwa hasara kubwa ya uhai.

Legalishu na wenzake walikwenda mahakamani. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Ol le Njogo, ilidai pamoja na mengine kuwa waliotia alama mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga Wamaasai wa Laikipia. Mnamo 1913 mahakama iliitupilia mbali, ikishikilia kuwa hati hizo ni mikataba baina ya dola mbili, isiyoweza kuamuliwa na mahakama ya kawaida. Wamaasai wakaambiwa kuwa ni dola iliyoweza kutoa ardhi yake, lakini si watu walioweza kuidai.

Swali la nani humpa kiongozi idhini ya kuwasemea watu halikuishia Naivasha. Mwaka 1993, Israeli ilipokitambua Chama cha Ukombozi wa Palestina kuwa mwakilishi wa Wapalestina katika mapatano ya Oslo, Wapalestina wengi waliuliza kama kutambuliwa na upande wa pili ni sawa na kutumwa na watu wako. Agosti 2004, Wamaasai waliandamana nchini Kenya kudai ardhi, miaka 100 baada ya hati ya kwanza. Wengi waliamini kuwa mkataba ulikuwa wa miaka 99, ilhali hati yenyewe haikutaja muda huo.

Jina la Olonana limebaki kwenye kilele cha tatu cha Mlima Kenya na kwenye shule moja maarufu jijini Nairobi. Aliyapokea madaraka yake wakati watu wake walipokuwa wamedhoofika kuliko wakati wowote, na pengine aliokoa maisha mengi kwa kukwepa vita asivyoweza kushinda. Lakini amani aliyoinunua ililipiwa kwa malisho ambayo si yeye aliyekuwa akiyalisha, na wenye malisho hayo hawakuwahi kumpa ufunguo wa boma lao.