MWALIMU APOLO WA MBOGA

Wengi wetu wanafunzi hatupendi tena kazi ya ualimu, juu haina franga. Basi tukumbuke Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akabatizwa 1895. Mwaka 1896 alipita Ruwenzori na mto Semliki akafika Mboga, katika Ituri yetu. Alijenga, alilima, alifundisha watu kusoma. Shefu Tabaro alimukatalia, akamupigisha fimbo. Tena Apolo alifungwa gerezani. Lakini alirudia palepale, na Tabaro mwenyewe akabatizwa. Kisha, akiwa muzee, aliingia pori kwa Bambuti, akajifunza luga yao ili awafundishe.

Alikufa tarehe 30 Mei 1933. Kwa desturi kichwa cha maiti kilielekezwa mashariki. Yeye aliomba chake kielekee magharibi, upande wa pori, juu kazi ilikuwa haijaisha.

Hatusemi mwalimu akae na njaa: mushahara ni haki yake. Tunauliza tu: kama sisi wote tunakimbia ubao na chaki, nani atafundisha wadogo zetu?